Kibali si Ridhaa: Lugha na Haki katika Ukusanyaji wa Data za Afya katika Shule za Songea

Ikisiri

Makala haya yanachunguza maneno yanayotumika kuwaomba wanafunzi na wazazi wao washiriki katika utafiti wa afya, yakichukua shule za msingi za vijijini Songea kuwa mfano. Hoja yetu ni kwamba saini za maofisa hazitoshi kuufanya utafiti kuwa wa haki. Kinachotakiwa ni kwamba aliyeombwa alielewe ombi, na kwamba lugha ya ombi hilo imwachie nafasi ya kukataa. Tunajaribu pia kuonyesha kwamba nafasi hiyo inapokosekana, data yenyewe huharibika.

1. Utangulizi

Mkoa wa Ruvuma ni miongoni mwa mikoa inayoilisha Tanzania kwa mahindi. Hata hivyo, Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba zaidi ya theluthi moja ya watoto wa mkoa huo wenye umri chini ya miaka 5 wamedumaa, kiwango kinachozidi wastani wa taifa wa asilimia 30. Ghala limejaa na mtoto hakui: kitendawili cha namna hii huwavuta watafiti. Ukiongeza usubi, ambao kwa miaka mingi umekuwa tatizo katika mabonde ya mito ya huko, pamoja na minyoo na upungufu wa damu, utaona ni kwa nini shule za Songea na wilaya jirani za Namtumbo, Mbinga, Nyasa na Tunduru hazitaacha kupata wageni wenye mizani, fimbo za kupimia urefu na visanduku vya sampuli.

Mtafiti anayetaka kuwapata watoto wengi kwa muda mfupi huenda shuleni. Huko watoto wamekusanyika tayari, majina yao yamo katika rejesta, na mwalimu mkuu yupo wa kupiga kengele. Urahisi huo ndio chanzo cha swali letu. Mahali ambapo ni rahisi mno kumpata mtu, ni vigumu kwa mtu huyo kukataa.

Maadili ya utafiti yamejadiliwa kwa mapana na madaktari na wanasheria, aghalabu kwa Kiingereza. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tumeachiwa kazi ya mwisho: fomu huletwa kwetu ikiwa imekwisha kuandikwa, nasi huombwa tuifasiri kabla gari halijaondoka. Kwa maoni yetu, mgawanyo huo wa kazi una kasoro, kwa kuwa sehemu kubwa ya haki inayotafutwa imo katika maneno ambayo mfasiri huyachagua kwa haraka.

2. Mji wenye kumbukumbu

Hapana budi mtafiti aingiaye Songea ajue ameingia wapi. Mji huu umepewa jina la Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906, wakati wa Vita vya Majimaji, pamoja na mashujaa wengine wengi. Inaaminika kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Wakati ule mafuvu ya watu wa makoloni yalikusanywa kwa jina la sayansi, yakapimwa na kuwekwa katika makabati yenye namba. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika katika Makumbusho ya Majimaji mjini Songea, akaomba msamaha, na kuahidi kwamba nchi yake itasaidia kulitafuta fuvu hilo. Mwaka huohuo watafiti wa Berlin walitangaza matokeo ya uchunguzi wa mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyotoka Afrika Mashariki. Kwa hiyo, watu wa Songea wanajua kwamba mgeni msomi aliwahi kuchukua sehemu ya mwili wa mtu wao bila kumwomba yeyote. Wanajua pia kwamba zaidi ya miaka 100 baadaye majibu hayajarudi.

Mahali pengine nchini kumbukumbu za aina hii zimekuwa na matokeo mabaya. Kiswahili kina neno mumiani, ambalo lilikuwa jina la dawa nyeusi iliyodhaniwa kutengenezwa kwa damu ya watu, na baadaye likawa pia jina la wanaoitafuta damu hiyo. Mwezi Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, Wilaya ya Chamwino, watu 3 waliotoka katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha, waliuawa na wanakijiji waliodhani kuwa ni wanyonya damu. Kazi iliyowapeleka huko ilikuwa kuchukua sampuli za udongo. Na mwaka 2008, mjini Morogoro, ugawaji wa dawa za kichocho na minyoo mashuleni ulizua ghasia baada ya watoto kadhaa kuugua walipozimeza. Wazazi walivamia shule kuwatafuta watoto wao, na zoezi likasimamishwa. Dawa ya kichocho ni salama, lakini humsumbua mtoto aliyeimeza tumbo likiwa tupu, na mzazi ambaye hakuambiwa jambo hilo mapema ana sababu ya kudhani mwanawe ametiliwa sumu.

Ni kosa kuyaita matukio haya ujinga na kuyapita. Hofu ya mumiani ni namna ya kueleza jambo ambalo historia imelithibitisha mara kadhaa: kwamba wako watu huja, huchukua, na hawarudi.

3. Kibali, idhini, ridhaa

Utaratibu wa utafiti wa afya nchini uko wazi. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, ina kamati ya maadili ambayo hupitia mapendekezo. Mtafiti akishapata cheti huenda mkoani, kisha kwa Mkurugenzi Mtendaji wa halmashauri, kisha kwa Afisa Elimu, kisha kwa Mtendaji wa Kata na wa Kijiji, mpaka kwa mwalimu mkuu. Kila ofisi hugonga muhuri. Barua ikifika shuleni ina mihuri mitano au sita, na mzazi anapoonyeshwa karatasi hiyo huona amri ya serikali. Lile lililoanza kama ombi limegeuka njiani.

Tuyatazame maneno yenyewe. Kibali na kitenzi kubali vimetoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu, lakini katika matumizi yetu vimeachana. Kubali ni tendo la mtu yeyote, ilhali kibali hutoka juu: mkubwa humpa mdogo, ofisi humpa raia. Idhini pia ni neno la mwenye mamlaka juu ya kitu. Ridhaa ni tofauti. Ni ndugu wa radhi, neno zito katika malezi yetu, kwani mtoto hutafuta radhi za wazazi wake, na aliyekosa husema niwie radhi. Ridhaa, basi, ni zaidi ya kutozuia. Ni moyo kutulia juu ya jambo. Anayesema “sina neno” hajaridhia. Pengine amechoka tu kubishana.

Katika fomu nyingi maneno haya matatu hubadilishana nafasi kama kwamba ni visawe. Madhara yake si madogo. Mzazi akiulizwa kama ametoa kibali, hujibu kwamba kibali kimekwisha kutolewa na serikali. Kimantiki jibu lake ni sahihi. Tunapendekeza kwamba kibali litumike kwa ofisi pekee, idhini kwa mzazi au mlezi anayesema kwa niaba ya mtoto, na ridhaa kwa kila mtu juu ya mwili na maneno yake mwenyewe, mtoto akiwemo. Mtoto wa darasa la tano ambaye mama yake ametia saini bado ana haki ya kuuficha mkono wake nyuma.

Jambo la mlezi linahitaji neno la ziada. Watoto wengi wa vijijini hulelewa na bibi na babu, ama kwa sababu wazazi wamekwenda kutafuta maisha mjini, ama wamefariki. Fomu inayodai saini ya “mzazi” humpa mwalimu kishawishi cha kutia saini mwenyewe ili mtoto asiachwe nje. Bibi asiyejua kusoma anaweza kuridhia vizuri kabisa kwa mdomo, mbele ya shahidi anayemwamini, akaweka dole gumba. Isitoshe, huenda akaelewa zaidi akielezwa kwa Kingoni, Kindendeule au Kimatengo kuliko kwa Kiswahili cha ofisini. Hapa tunasema jambo ambalo wapenzi wa Kiswahili hawapendi kulisikia: Kiswahili nacho, katika midomo fulani, ni lugha ya wakubwa.

4. Maneno yaahidiyo

Ifuatayo ni sentensi tuliyoitunga kwa kufuata mtindo wa fomu za kawaida: “Kwa kutia saini hapa chini ninathibitisha kwamba nimeelezwa kikamilifu madhumuni, taratibu, hatari na faida za utafiti huu, na kwamba ninatoa ridhaa yangu kwa hiari ili mtoto wangu ashirikishwe.”

Kisarufi haina kosa. Lakini faida kwa mkulima ni kile kinachobaki baada ya kuuza mahindi. Akisikia utafiti una faida atauliza ni kiasi gani. Hatari ni neno lililoandikwa kwenye nguzo ya umeme pamoja na picha ya fuvu. Na ashirikishwe ni kitenzi chenye kauli ya kutendesha na ya kutendwa kwa pamoja: kuna mtu anayemfanya mtoto ashiriki, na mtoto mwenyewe hatendi lolote. Sarufi imesema ukweli ambao mwandishi wa fomu hakukusudia kuusema.

Kadhalika istilahi mtafitiwa. Azimio la Helsinki la mwaka 1964, ambalo ni msingi wa maadili ya utafiti wa tiba duniani, liliporekebishwa mwaka 2024 liliacha neno la zamani lenye maana ya mtu anayefanyiwa, likachukua lile lenye maana ya mshiriki. Kiswahili kilikuwa na mshiriki tangu zamani, lakini ripoti zetu bado zimejaa watafitiwa na wahojiwa. Kuhoji, tukumbuke, ni kazi ya polisi pia.

Neno linalostahili uangalifu kuliko yote ni kupima. Mtafiti husema “tutawapima watoto” akiwa na maana ya kuchukua vipimo vya takwimu. Mzazi husikia jambo jingine, kwa sababu mtu anayepimwa hospitalini hupewa majibu, na baada ya majibu hupewa dawa. Lugha yetu imeunganisha kupimwa, majibu na tiba katika mnyororo mmoja. Anayesema kupima ameahidi, hata kama fomu yake ya Kiingereza haikuahidi kitu. Akiondoka na sampuli asirudi, kijiji kina haki ya kusema amevunja ahadi, na tafsiri ndiyo iliyoiweka ahadi hiyo kinywani mwake. Tena, “kupimwa damu” bila maelezo hueleweka na wengi kuwa ni kupimwa virusi vya UKIMWI. Msichana wa darasa la saba aliyeonekana akiingia chumba cha kupimwa damu anaweza kutoka na jina baya ambalo hakuna takwimu itakayomwondolea.

Upungufu wa damu nao una mtego wake. Daktari anazungumzia wekundu wa damu; mzazi anasikia kwamba damu ni chache. Ni busara kwake kuuliza: mtoto ana damu pungufu, nanyi mnamtoa nyingine? Swali hili lingepaswa kuwa la kwanza kujibiwa katika mkutano wa wazazi, kabla ya jina la chuo na la mfadhili.

Na pale ambapo washiriki huteuliwa bila upendeleo, vitabu vyetu husema kwa bahati nasibu. Hilo ndilo jina la mchezo wa kamari. Mtoto asiyeteuliwa hurudi nyumbani akasema hakushinda, na aliyeteuliwa hungojea zawadi. Kupiga kura kwa karatasi ndani ya kofia, mbele ya watu wote, hueleza jambo lilelile bila istilahi yoyote.

5. Darasa kama mahali pa kuuliza

Hatusemi kwamba shule isitumike. Mfano bora tulio nao umetoka hapahapa nchini. Mwishoni mwa miaka ya 1980, katika Wilaya ya Kilosa, watafiti walitaka kujua ni shule zipi zilizoathiriwa zaidi na kichocho cha mkojo. Badala ya kupeleka magari kila mahali, walituma hojaji fupi kupitia njia ya kawaida ya barua za elimu. Walimu waliwauliza watoto kuhusu dalili na magonjwa mbalimbali, kichocho kikiwa mojawapo tu, wakarudisha karatasi kwa njia ileile; kisha mkojo wa watoto ukapimwa kwa vijiti maalumu na walimu wenyewe. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 1991 na Lengeler na wenzake, yalionyesha kwamba majibu ya watoto yalizitambulisha vizuri shule zenye tatizo kubwa. Njia hiyo ilijaribiwa baadaye katika nchi nyingine kadhaa za Afrika.

Kwa nini ilifaulu? Wataalamu wa takwimu wana maelezo yao. Sisi tunaona jambo la lugha: watoto walikuwa na neno. Kichocho ni neno la nyumbani, na kukojoa damu ni jambo linaloonekana kwa macho. Kichocho cha tumbo, ambacho dalili zake hufanana na za maradhi mengine, hakikubali kutambuliwa kwa urahisi hivyo kwa kuuliza. Funzo tunalolipata ni kwamba hojaji ianze kwa kutafuta maneno waliyo nayo watoto. Adabu ya kitabuni inaweza kuharibu swali. “Je, umewahi kuona damu katika haja ndogo?” ni sentensi ya heshima ambayo mtoto wa miaka tisa huenda asiielewe, na msichana aliyevunja ungo akaielewa kwa namna nyingine kabisa.

Hata hivyo, anayeuliza ni mwalimu. Huyu ndiye aamkiwaye shikamoo na darasa zima likiwa limesimama, na kanuni za elimu zimeruhusu adhabu ya viboko tangu mwaka 1979. Akiuliza “nani anakojoa damu, anyooshe mkono”, atapata moja kati ya majibu mawili: mikono yote, kwa kuwa watoto wamehisi kwamba mwalimu anaitaka, au hakuna hata mmoja. Akiuliza kama mtoto alikunywa chai asubuhi, aibu ya umaskini itajibu kwa niaba ya mtoto. Na akiuliza kuhusu kupigwa, afadhali asiulize. Haki na usahihi hukutana hapa: mtoto asiyeweza kukataa kujibu hawezi pia kujibu kweli. Kwa mambo ya aibu na ya hofu, aulizwe mmoja mmoja, chini ya mti unaoonekana na wote lakini usiosikika, na mtu asiyeshika chaki wala fimbo. Mtoto akifichua ukatili, muulizaji awe amekwisha kujua atampeleka kwa nani.

6. Ambao hawamo katika rejesta

Dhuluma nyingine ni ya kuachwa. Barabara za lami zinazoiunganisha Songea na Njombe, Mbinga na Tunduru ni neema kubwa, lakini humvuta mtafiti azifuate. Shule zilizo karibu na Peramiho, ambako wamisionari Wabenediktini walifika mwaka 1898 na ambako kuna hospitali kubwa, zitatembelewa mara nyingi. Zile za upande wa Muhukuru, kuelekea mpaka wa Msumbiji, zitangojea kiangazi. Matokeo yake ni kwamba wanaotafitiwa sana ni waliohudumiwa tayari. Hata katika shule moja, rejesta haina mtoto mlemavu aliyefichwa ndani, wala aliyehamia shamba la tumbaku na wazazi wake. Utaratibu wa kimataifa wa kuthibitisha kama maambukizi ya matende yamekoma huwapima watoto wa miaka 6 na 7 shuleni pale tu ambapo angalau asilimia 75 yao wameandikishwa. Pungufu ya hapo, wapimaji huenda nyumba kwa nyumba. Sharti hilo ni la kitakwimu, lakini ni sharti la haki pia.

Majira nayo yana sauti. Songea ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Uzito wa mtoto uliopimwa Februari, akiba ikiwa imekwisha na mahindi bado mabichi, na ule wa Julai baada ya mavuno, ni habari za watoto wawili.

Na kuna makosa madogo ya lugha yanayozaa makosa makubwa ya hesabu. Mtoto akisema alikula saa moja, karani aliyezoea kuandika kwa Kiingereza anaweza kuingiza saa moja ya mchana badala ya asubuhi, na mlo ukahama kwa saa sita. Umri nao: udumavu huhesabiwa kwa miezi, ilhali mtoto hutaja miaka, pengine ile aliyoandikishiwa ili apokelewe darasa la kwanza. Kadi ya kliniki iombwe pale ilipo.

7. Fomu iliyoandikwa upya

Tumejaribu kuiandika tena ile sentensi ya sehemu ya 4, kwa utafiti wa upungufu wa damu:

“Tunaomba kumtoa mtoto wako tone moja la damu kidoleni. Atasikia maumivu kidogo, kama ya kuchomwa na mwiba. Tone hilo halitampunguzia damu. Tutaliangalia hapohapo shuleni, na jibu lake utaambiwa wewe peke yako siku hiyohiyo. Akionekana ana tatizo, tutamwandikia barua ya kwenda zahanati, na dawa tumekwisha kuziacha huko. Damu haitapelekwa mahali pengine. Serikali imeturuhusu kuja kukuomba, haijakuamuru ukubali. Ukikataa, mtoto hataadhibiwa wala hatakosa chochote. Ukikubali na yeye akakataa, tutamwacha. Tutarudi kwenye mkutano wa kijiji baada ya mavuno kueleza tuliyoyaona.”

Msomaji ataona kwamba fomu hii haiwezi kuandikwa na mfasiri peke yake. Sentensi ya dawa za zahanati inahitaji fedha, ile ya mkutano inahitaji safari ya pili katika bajeti, na ile ya damu kutopelekwa pengine inahitaji mashine iletwe shuleni. Mtafiti asiye na vitu hivyo atalazimika kuifuta sentensi moja baada ya nyingine, na wazazi watakaosomewa zilizobaki wataamua.